Udhu Kwenye Bwawa la Mwisho

Ukifika Webiyare, senta ya kando ya mto Tana, ukauliza Yakub yuko wapi, utaonyeshwa kwa kidevu upande ule ambao watu huomba upepo usitokee. Huko, nyuma ya vichaka vya mathenge, kuna mabwawa ya maji taka, na huko ndiko Yakub anakoshinda na reki yake ya mpini mrefu, tangu jua linapochomoza mpaka linapochoka.

Kazi yenyewe haina siri. Maji ya vyoo vya shule, vya zahanati, vya hoteli na vya nyumba za kando ya barabara huteremka kwa bomba hadi kwenye chujio la chuma. Yakub hulichokoa chujio kila asubuhi. Hutoa nepi, hutoa mifuko, hutoa ndala za watoto, na siku moja alitoa simu iliyokuwa ingali inawaka taa. Yakishapita hapo maji huingia bwawa la kwanza, ambalo tusiliseme sana maana wengine husoma huku wanakula. Uchafu huzama, maji husogea bwawa la pili, kisha la tatu, na jua la huku, lile linalolaaniwa na kila mwalimu aliyehamishiwa Garissa kutoka Meru au Machakos, hufanya kazi iliyobaki. Kufikia bwawa la nne maji yamepoa, yana ukijani wa kupendeza, hayanuki, na yangeyange wamesimama pembeni wakijiona kama wageni wa heshima. Kutoka hapo huenda kunywesha shamba la majani ya mifugo, na kinachobaki huteremka Tana.

Kabla ya mabwawa hayo, mafuriko makubwa yalibomoa vyoo vya Webiyare na kuvimwaga mtoni. Watu wakanywa mto, na kipindupindu kikapita nyumba kwa nyumba. Tangu mabwawa yachimbwe hakijarudi. Mwenda, fundi anayekuja na pikipiki kutoka mjini Garissa kukagua, aliwahi kumwambia Yakub, "Wewe ndiye daktari wa hii senta, ni vile tu huna koti nyeupe." Yakub alicheka kwa adabu. Hakuamini hata neno moja.

Ugonjwa wake Yakub ulikuwa aibu. Alizaliwa kwenye ngamia, akalelewa kwa maziwa ya ngamia, na mpaka ukame ule uliomaliza mifugo ya nyika yote ya Fafi alikuwa mtu wa kusimama mbele ya wenzake akasema jambo likasikizwa. Ngamia wakafa mmoja mmoja, wa mwisho akifa huku ameegemea goti lake. Na sasa yeye huyo anakoroga kinyesi cha watu wasiomjua! Suruali ya kazi aliiacha imetundikwa kwenye mti kule kule mabwawani. Akitoka kazini alipita njia ya nyuma, porini, asionane na mtu, akaoga mtoni kwa sabuni, kisha akifika nyumbani akaoga tena. Kwenye kibanda cha chai hakuna aliyemtukana. Lakini mtu akisogeza kikombe chake ampishe nafasi, Yakub aliona kikombe kimekimbizwa. Mtu akipenga kamasi, aliona amezibiwa pua. Binadamu akishajidharau, wengine hawana haja ya kujisumbua.

Hayo yote angeyabeba kama si mama mkwe wake.

Mama mkwe, sodoh kwa lugha ya kwao, ni mtu wa kuheshimiwa mpaka kupita kiasi. Mwanamume wa zamani hakai naye jamvi moja, hamtazami machoni, halitaji jina lake ovyo. Akitaka kumwambia neno hulipitisha kwa mwingine. Vijana wa siku hizi wamelegeza, lakini Yakub hakuwa wa siku hizi. Na Shamso hakuwa sodoh wa kawaida. Ngamia wa Yakub walipokwisha, kabla ya harusi, wajomba wa Khadra, mchumba wake, walitaka uchumba uvunjwe. Waliuliza binti atakula nini, mifupa? Shamso, mjane mwenye mwili mdogo na sauti ndogo, ndiye aliyesimama. "Ngamia ndio waliokufa," alisema. "Mimi simpi binti yangu kwa ngamia." Wajomba wakanyamaza, na Yakub akapata mke.

Deni la wema wa namna hiyo lina uzito wa ajabu, na Yakub alilibeba vibaya. Alipopata kazi ya mabwawa alimpigia simu Awil, ndugu yake Khadra, amwambie mama huko nyikani upande wa Bura kwamba mkwe wake sasa ni msimamizi wa maji ya kunywa. Ndiye anayefungulia mji mzima. Shamso alifurahi, akamwomba Mungu amzidishie. Khadra alipoyasikia alimtazama mumewe akatikisa kichwa, lakini hakutaka kumvua nguo mbele ya mama yake, akanyamaza.

Kisha Yakub akatia chumvi juu ya chumvi. Siku ya Idd, akiwa na kanzu mpya na moyo mwepesi, aliingiwa na tamaa ya kupigwa picha. Alisimama kando ya bwawa la nne, nyuma yake maji ya kijani, majani mabichi, yangeyange, na kibanda cha chujio chenye paa la buluu. Ila palikuwa na kibao. Kibao cha bati, chenye urefu wa mtu mzima, kimechorwa fuvu la kichwa na maneno mekundu: HATARI, MAJI TAKA. Hata asiyejua kusoma angelielewa fuvu lile. Yakub alikitikisa mpaka kikang'oka, akakilaza kifudifudi kwenye majani, akapiga picha, akaituma. Alipomaliza alikitazama kile kibao pale kilipolala. Akaona hivyo ni vizuri zaidi. Wapita njia wa kwao wasingeweza tena kusoma anafanya kazi gani.

"Kibao iko wapi?" Mwenda aliuliza safari iliyofuata.

"Ni ubebo, bosi. Ilikuja na nguvu sana, ikabeba."

"Upepo wa kung'oa chuma, na haukugusa hata nyasi?" Mwenda alicheka, akapanda pikipiki yake. "Nikirudi nikipate imesimama."

Yakub alisema sawa. Hakukisimamisha.

Mvua zikagoma tena. Malisho ya Bura yakawa vumbi, visima vikakauka, na jioni moja Awil akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Yakub hakuielewa mwanzoni.

"Seddi, tumeshaanza safari," alisema Awil, akitumia neno la kumwita shemeji. "Mama ameitazama ile picha yako mpaka simu ikaisha moto. Amesema mwenye mkwe aliyekaa juu ya maji hafi na kiu. Tunaleta ngamia wote waliobaki."

"Wote?"

"Na mama pia. Anataka kukushukuru mwenyewe."

Yakub alishika simu hata baada ya kukatwa. Khadra alikuwa ameyasikia yote, maana Awil huongea na simu kama anayeita ngamia wa mbali.

"Mwambie," alisema Khadra.

"Nitamwambia."

"Utamwambia lini? Ngamia wakishainamisha shingo?"

Yakub akapata akili ya kukwepa, kama wanavyopata wote walio taabuni. Kama angeweza kuwafungulia njia ya mtoni, wangenyweshea Tana, wasifike kabisa mabwawani, na aibu ingebaki mahali pake. Shida ni kwamba kando ya mto pamejaa mashamba, na malka, zile njia za mifugo za kushukia mtoni, zimezibwa kwa miiba na wenye mashamba waliochoka kuliwa mahindi. Alimwendea mzee Abdow, mwenye shamba la migomba lililoziba malka ya karibu. Abdow alimtazama juu mpaka chini.

"Mimi simfungulii mtu nisiyemjua," alisema. "Wewe nani? Unafanya kazi gani hapa?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, wazi kabisa. Yakub alifungua mdomo akaufunga. Alisema yeye ni mtu tu, ana jamaa zake wanakuja. Abdow akasema basi hao watu tu wakatafute malka ya watu tu, akarudi kwenye migomba yake. Yakub akaondoka amenywea. Alijiambia kuna nafasi bado, ngamia waliodhoofu hawatembei haraka, kesho atajaribu kwingine.

Alisahau kwamba Shamso si ngamia. Yule mama alipata lifti ya lori la mbuzi lililokuwa likienda soko la Garissa. Akamwacha Awil aje na wanyama polepole, yeye akatangulia na mbuzi mmoja wa maziwa aliyemfunga kamba shingoni, zawadi ya mkwe. Lori lilipopita Webiyare aliona paa la buluu na yangeyange. Aliigonga bodi ya lori kwa kiganja. "Nishusheni hapa! Hapa ni kwa mkwe wangu!"

Ilikuwa alasiri. Yakub alikuwa bwawa la kwanza akivuta povu kwa reki alipomsikia mbuzi. Mbuzi hawaruhusiwi humo, kwa hiyo alizunguka kumfukuza. Alipofika kwenye matete ya bwawa la nne akaganda. Mbuzi alikuwa ameinamisha kichwa majini akinywa kwa raha. Kando yake, mgongo ukimwelekea Yakub, mwanamke mwenye mwili mdogo alikuwa amechuchumaa. Mikono ilikuwa wazi hadi viwiko na shungi limesukumwa nyuma. Alikuwa anatawadha.

Mtu hamtazami sodoh wake akiwa kichwa wazi. Yakub aligeuza uso papo hapo, kama mila inavyotaka. Lakini tusiisingizie mila. Mila ilimkataza macho, haikumkataza mdomo. Angeweza kupiga kelele huku amegeuka. Angeweza kukohoa. Alisikia maji yakichotwa kwa kiganja. Alisikia mama akisukutua, akitema, akisukutua tena. Alikuwa na matope ya bwawa la kwanza mpaka magotini na harufu yake aliijua. Alijiambia, akimaliza atafunika kichwa, nitasogea, nitasema. Akaanza kupanga maneno. Alitafuta maneno ambayo yangesema jambo lile bila kulisema, na lugha yote ya Kisomali, yenye maneno ya kila aina ya ngamia, haikumpa hata moja.

Kisha akasikia, "Allahu Akbar."

Alikuwa ameshafunga swala. Mtu akishafunga swala hasemeshwi.

Msafiri ana ruhusa ya kuipunguza alasiri ikawa rakaa mbili, na Shamso aliswali mbili. Rakaa mbili hizo Yakub alizisimama nyuma ya matete reki mkononi, na aliziona ndefu kuliko tarawehe za mwezi mzima. Alimwona akirukuu. Alimwona akisujudu, uso aliouosha kwa maji ya vyoo ukiwekwa juu ya mtandio safi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi, kama kawaida yake, haikujishughulisha. Alijua sasa kwamba hata akisema hatasema kwa wakati. Wakati ulikuwa umepita akiwa amesimama papo hapo, na hakuna aliyekuwa amemshika ulimi.

Mama alitoa salamu, akainua mikono kuomba dua. Akaomba kwa sauti, maana alidhani yuko peke yake na Mola wake.

"Ya Rabbi, mvua. Ya Rabbi, mfikishe Awil salama. Na huyu Yakub, Ya Rabbi, huyu aliyetutoa kiu sisi na wanyama wetu, mtoe kiu siku ile ambayo hakuna kivuli ila kivuli chako."

Yakub akatoka kwenye matete. Hakujua kama ametoka kwa ushujaa au kwa sababu miguu ilishindwa kukaa.

"Eddo," aliita, akimwita shangazi kama mkwe anavyomwita mama mkwe kwa heshima. Alikuwa hajawahi kumwita kwa mdomo wake. Mama aliruka, akavuta shungi, akageuka upande.

"Yakub? Ni wewe? Mashallah, mwanangu, maji haya!"

"Eddo, maji hayo si ya kunywa." Alikuwa anaiambia ardhi. "Wala si ya udhu."

"Yana mamba?"

"Hayana mamba."

"Sasa yana nini?"

"Ni maji ya vyoo, Eddo. Vyoo vya Webiyare vyote. Mimi si msimamizi wa maji ya kunywa. Kazi yangu ni haya."

Shamso aliinua mikono usawa wa macho. Aliitazama, mbele na nyuma. Kisha akapeleka vidole viwili mdomoni, akagusa midomo taratibu, kama mtu aliyepigwa anayetafuta palipopasuka. Yakub angetoa chochote apigiwe makelele. Mbuzi aliendelea kunywa mpaka mama alipomvuta kamba.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza mwishowe, sauti yake ndogo ikiwa ndogo zaidi.

"Hapo kwenye matete."

"Nilipokuwa nasukutua, ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapo."

"Ukaniacha nikafunga swala."

"Nilikuacha, Eddo."

Yangeyange mmoja aliinuka, akatua ng'ambo.

"Nilimpa binti yangu mtu ambaye ngamia wake wote wamekufa," alisema Shamso. "Ulidhani mimi ni wa kukimbia choo?"

Alikunja mtandio wake. Aliuliza tu mto uko upande gani, maana alasiri ilikuwa haijatoka na yeye alikuwa hajaswali. Yakub alimwonyesha, akatangulia hatua kadhaa mbele kama inavyostahili, reki akiiacha ilipoangukia. Alipotaka kumpokea kamba ya mbuzi, mama aliivuta kwake.

"Huyu ni wa Khadra," alisema. "Afungwe, alishwe safi kwanza, maziwa yasinywewe mpaka yatakate."

Njiani Yakub alimpigia simu Awil. Alimwambia yote, bila kuzunguka, mbele ya mama. Awil akasema, "Sawa," neno ambalo Yakub alilisikia lina mfuniko juu yake. Wakafika kwenye miiba ya mzee Abdow. Mzee alitoka na panga la kukatia migomba, akamtambua, akakunja uso.

"Wewe tena? Nilikuuliza wewe ni nani."

"Mimi ndiye mtu wa mabwawa ya vyoo," alisema Yakub. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Huyu ni mama mkwe wangu, anataka maji ya kuswalia. Na nyuma kuna ngamia, wanakuja."

Uso wa Abdow ulifunguka wote. "Wewe ndiye? Wallahi mbona hukusema? Mwaka ule wa mafuriko nilizika mke na binti, wote kwa sababu ya maji ya mto huu. Leo wajukuu wangu wanayanywa na wanalala." Alikuwa ameshaanza kuivuta miiba. "Lete ngamia wako. Lete wote. Mama, pita, pita."

Yakub aliyasikia maneno hayo na yakamchoma kuliko tusi. Njia ilikuwa pale pale tangu jana, imezibwa kwa neno moja tu, na neno hilo alikuwa nalo mdomoni.

Shamso aliteremka mpaka majini, Abdow akisimama mbali kidogo amegeuka, akiangalia mamba. Mama alitawadha upya, polepole, akisukutua mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Alitandika mtandio upande wa pili, ule ambao uso wake ulikuwa haujaugusa. Akaswali. Yakub alisimama juu ya ukingo, kwenye migomba, macho chini, masikio wazi.

Salamu ikatoka. Mama akainua mikono, na safari hii alijua fika kwamba hayuko peke yake. Yakub naye akainua ya kwake, aitikie amina.

"Ya Rabbi, mvua," aliomba Shamso. "Mfikishe Awil salama. Mlinde Khadra na nyumba yake. Huyu mzee Abdow aliyetufungulia njia, wafungulie maiti wake milango ya pepo."

Mikono yake ilibaki juu. Maji ya Tana yalipita, mekundu, yakielekea chini. Kisha Shamso akajipaka uso kwa viganja, akakunja mtandio wake, akanyanyuka, akamfungua mbuzi.

Yakub alikuwa bado ameinua mikono.